Kaka yuko kwenye ARV na mkojo una protini: je, hicho kipimo cha vifuko vya mkojo kipo kweli?

Swali limetoka kwa dada mmoja wa Kasulu, nimelifupisha kidogo:

"Shikamoo daktari. Kaka yangu yuko kwenye ARV mwaka wa sita sasa, anachukulia CTC, ile kliniki ya VVU, ya hapa hapa. Mwezi uliopita walimpima mkojo wakakuta protini plasi mbili, na kreatinini, ile taka ya kwenye damu ambayo figo inatakiwa kuitoa, nayo imepanda. Yeye anasema dawa ndo zinamuua figo, anataka kuziacha. Mdogo wetu anasomea maabara katuambia kuna kipimo kipya, wanachukua mkojo wanatafuta vifuko vidogo vinavyobeba virusi, eti ndo kinaonesha kama figo zimeshambuliwa na kirusi au na dawa. Kipo kweli? Tukipate hospitali ya Maweni Kigoma au mpaka Kitete Tabora? Alafu kama virusi vinatoka kwenye mkojo, sisi tunaomfulia tuko salama?"

Marahaba dada, na pole kwa kuuguza. Nianze na la kaka maana lenyewe haliwezi kusubiri: dawa asiache. Asiruke hata dozi moja kwa sababu ya hayo majibu, arudi CTC na karatasi yake awaambie wazi kwamba anaogopea figo, wao wanaweza kumbadilishia kama kuna haja na kubadilishiwa dawa ni kitu kingine kabisa na kuacha dawa. Kwa nini nakazia hivi utaona huko chini, ila inabidi tupite kwenye hivyo vifuko kwanza, kwa sababu mdogo wenu hajawadanganya. Kitu chenyewe kipo na ni kizuri sana, ila kipo kwenye maabara za utafiti, hukipati Maweni wala Kitete na hata huko Ulaya daktari wa figo hakiandiki kama kipimo cha kawaida cha kujua virusi vimefanya nini kwenye figo.

Sasa vifuko ni nini. Kila seli iliyo hai inatoa nje vifuko vidogo sana vyenye utando wa mafuta kama ule wa seli yenyewe, na ndani vimebeba protini na vipande vya RNA, yaani nakala za maagizo ya jeni. Vile vidogo kabisa vinaitwa eksosomu, ukubwa wake ni kama nanomita 30 mpaka 150, na milimita moja tu ina nanomita milioni moja, kwahiyo kwa hadubini ya maabara ya wilaya huvioni hata ukeshe. Vilielezwa mwaka 1983 na makundi mawili yaliyokuwa yanafanya kazi kila moja kivyake, la Rose Johnstone kule Montreal na la Philip Stahl kule St. Louis, wote wakiwa wanachunguza chembe nyekundu changa za damu, na kwa muda mrefu watu wengi walichukulia kwamba ni taka tu seli inatupa. Mwaka 2004 ndo Trairat Pisitkun na Mark Knepper pamoja na wenzao, kwenye taasisi ya taifa ya afya ya Marekani, wakavichambua kutoka kwenye mkojo wa watu wazima wenye afya wakatambua protini 295, na nyingi zilikuwa za seli za figo na njia ya mkojo.

Hapo ndo watu wa figo tulipoinua vichwa. Chukulia vifurushi vinavyoshushwa stendi, ukifungua kimoja ukakuta asali na tumbaku unajua kimetoka upande wa Tabora, ukikuta mawese na dagaa unajua cha Kigoma, hata kama hakijaandikwa jina. Kifuko cha mkojo ukikuta kina protini ya akwaporini 2 unajua kimetoka mrija wa mwisho kabisa wa figo unaokusanya mkojo, ukikuta protini za podosini au nefrini unajua kimetoka kwenye podosaiti, zile seli zinazoshikilia chujio. Na kwa kuwa chujio likiwa zima halipitishi vifuko vingi kutoka kwenye damu, vingi unavyovikuta kwenye mkojo vimetoka kwenye figo zenyewe na njia ya mkojo. Yaani unapata habari za ndani ya figo bila kumchoma mtu sindano. Kwa sasa njia ya kujua kwa uhakika nini kinaitafuna figo ni bayopsi, unaingiza sindano mgongoni unanyofoa kipande, kuna hatari ya kuvuja damu, inataka mtaalamu wa kusoma hicho kipande, na mtu wa kwetu huku mara nyingi anaambiwa apande basi au treni aende mbali. Kwahiyo mtu akisema mkojo tu unaweza kutosha siku moja, mimi namsikiliza kwa makini sana.

Tuje kwenye virusi. Kwamba VVU vinaharibu figo ilianza kuandikwa 1984 na madaktari wa New York, walikuwa wanaona wagonjwa wa ukimwi wanavuja protini nyingi kwenye mkojo na figo zinakufa haraka kwa miezi tu, na ukitazama kipande cha figo unakuta chujio limejikunja limeporomoka. Kwa miaka mingi watu walibishana, ni kirusi chenyewe kiko kwenye figo au ni mwili mzima umechoka? Jaribio lililonishawishi mimi ni la panya, lilifanyika Marekani miaka ya 1990. Walikuwa na panya waliowekewa jeni za VVU kwenye mwili wao, hao panya wanaugua figo kama binadamu. Wakabadilishana figo: figo ya panya mwenye jeni za kirusi wakampandikizia panya mzima, na figo nzima wakampandikizia yule mwenye jeni. Figo yenye jeni za kirusi ikaugua hata ndani ya mwili mzima, na figo nzima ikabaki nzima ndani ya mwili wa mgonjwa. Ugonjwa ulikuwa unafuata figo ilipokwenda. Baadaye, 2014, watafiti wa Ufaransa wakaangalia watu wenye VVU waliopandikizwa figo, wanameza dawa vizuri, kwenye damu kirusi hakionekani, na bado kwenye zaidi ya nusu ya figo zilizopandikizwa wakakuta VVU kwenye seli za figo. Kwahiyo figo ni mojawapo ya sehemu kirusi kinajificha.

Ukishajua hilo unaelewa kwa nini watu wakakimbilia vifuko vya mkojo. Kama seli ya chujio ina kirusi, vifuko inavyotoa si vitabeba alama za kirusi? Na kweli, 2018 watafiti wa Marekani waliripoti kukuta protini za VVU kwenye vifuko vya mkojo wa watu wenye maambukizi. Mdogo wenu naona amesoma kitu cha namna hiyo.

Lakini dada naomba tuelewane hapa, kwa sababu ndipo taarifa inapogeuka uvumi. Kukuta protini ya kirusi ndani ya kifuko sio kukuta kirusi kizima kinachoweza kumwambukiza mtu, na sio kuthibitisha kwamba figo inaumia kwa sababu ya kirusi. Shida ya kwanza ni ya vipimo vyenyewe. VVU kimoja kina kama nanomita 100 mpaka 120, eksosomu ni 30 mpaka 150, wanalingana ukubwa, wanakaribiana uzito, wote wamevikwa utando wa seli, na kirusi kinapotoka kwenye seli kinaazima mitambo ileile ambayo seli inaitumia kutengeneza vifuko vyake. Stephen Gould na wenzake waliandika 2003 hoja kwamba virusi vya aina hii ni kama vimeiteka njia ya eksosomu ya seli. Sasa ukizungusha mkojo kwenye mashine na ukapata masalia chini ya chupa, utajuaje hiki ni kifuko chenye protini ya kirusi na hiki ni kirusi chenyewe? Inawezekana kutenganisha, ila inataka hatua nyingi na watafiti makini, na kila ripoti ya namna hii kitu cha kwanza mimi naangalia ni walivyotenganisha, kabla hata ya kusoma walichokipata.

Na huo mkojo wenyewe ni mgumu. Kuna protini inaitwa uromodulini, figo nzima inaitoa kila siku kwa wingi, inajisuka nyuzi nyuzi kama wavu kwenye mkojo na kuvinasa vifuko. Ukizungusha kwa spidi ya kwanza ya kuondoa seli na uchafu, vifuko vingi vinazama na huo wavu na wewe unavimwaga bila kujua. Ndo maana maabara zinaweka kemikali ya kukata nyuzi kwanza, mtu anatikisa kijichupa mpaka ule utelezi utelezi uachie, ndipo anaendelea. Ajabu ni kwamba protini hiyo iligunduliwa na watu wa virusi, Igor Tamm na Frank Horsfall, mwaka 1950, walikuwa wanatafuta kitu gani kwenye mkojo wa binadamu kinazuia kirusi cha mafua kisishikane na chembe nyekundu za damu.

Alafu mashine. Sentrifuji, yaani mashine ya kuzungusha, ya kawaida tunayotumia kuangalia mkojo inazungusha kwa nguvu kama mara 400 ya uvutano wa dunia, dakika tano umemaliza. Kwa vifuko kundi la Knepper lilizungusha kwanza kwa mara 17,000 kisha kwa mara 200,000 kwa saa nzima. Hiyo ni mashine nyingine kabisa, ghali, nzito, inataka umeme usiotikisika na fundi wake. Na sampuli usipoipima siku hiyo inatakiwa igandishwe kwenye baridi ya nyuzi 80 chini ya sifuri, maana ile ya nyuzi 20 chini ya sifuri tuliyoizoea ilionekana inapoteza vifuko vingi sana. Sisi tunaokaa huku tunajua umeme ukikatika usiku nini kinatokea kwenye friza. Mwaka 2021 wataalamu wa dunia wa vifuko vya mkojo walitoa tamko refu la pamoja jinsi ya kukusanya, kutunza na kuripoti, kwa sababu kila maabara ilikuwa inafanya kivyake na majibu hayalinganishiki. Fani ambayo bado inakubaliana jinsi ya kutunza sampuli haiwezi kumwambia kaka yako abadilishe dawa.

Kuna kirusi kimoja ambacho kwangu mimi hii kazi imefika mbali kuliko VVU, nacho ni BK. Kiligunduliwa 1971 London kwenye mkojo wa mgonjwa kutoka Sudan aliyekuwa amepandikizwa figo, hizo herufi ni za jina lake. Wengi tunakipata utotoni kinalala kwenye figo maisha yote bila shida, ila mtu akipandikizwa figo akapewa dawa za kushusha kinga kinaamka na kinaweza kuila figo mpya. Kwetu Tanzania upandikizaji ulianza Muhimbili Novemba 2017, na Benjamin Mkapa Dodoma 2018, kwahiyo sio habari ya Wazungu tu. Wakorea waliripoti 2017 kwamba vipande vya RNA vidogo vya kirusi hicho ndani ya vifuko vya mkojo vinaweza kuonesha nani figo yake imeshambuliwa, na 2020 watafiti wa Ufaransa wakaonesha kwamba BK kinasafiri ndani ya vifuko kikiwa kundi zima, vingi kwa pamoja, na kikiwa humo kinaingia kwenye seli bila kuhitaji ule mlango wake wa kawaida, wakahisi pengine ndo njia yake ya kukwepa kingamwili, zile protini za mwili za kupambana na virusi. Hapo kifuko kinakuwa chombo cha usafiri cha kirusi, na mimi naona hapo ndo penye mavuno makubwa miaka inayokuja.

Na kwa watu wa Kigoma niwaambie, kutafuta alama za kirusi kwenye mkojo ni kazi iliyowahi kufanyika hapo jirani yenu kabisa, Gombe. Watafiti waliotaka kujua kama sokwe wa porini wana SIV, ndugu wa VVU, wasingeweza kuwakamata kuwatoa damu, wakakusanya mkojo na kinyesi, na 2002 wakaripoti sokwe mmoja wa Gombe mwenye maambukizi. Ila angalia tena, kwenye mkojo walikuwa wanatafuta kingamwili, yaani alama kwamba mwili umekutana na kirusi. Kingamwili, protini ya kirusi, RNA ya kirusi na kirusi kizima ni vitu vinne tofauti, mtu akikwambia "virusi vimeonekana kwenye mkojo" muulize kimeonekana kipi kati ya hivyo.

Kitu kingine cha huku kwetu ambacho ningetamani vijana wetu wakisome: kuna aina mbili za jeni ya APOL1, zilitambuliwa 2010, mtu akirithi mbili, moja kwa baba moja kwa mama, uwezekano wa VVU kumharibu figo unapanda sana, kwa Wamarekani weusi walikuta mara 29. Jeni hizo zinaaminika zilienea Afrika kwa sababu zinasaidia kupigana na vijidudu vya malale, na mojawapo inakinga dhidi ya aina ileile ya malale inayoletwa na mbung'o wa Urambo, Kibondo na Kasulu. Tena podosaiti ndo seli inayoumia. Vifuko vya mkojo, mbung'o na ukimwi vinakutana kwenye mikoa yetu hii hii.

Sasa turudi kwa kaka. Plasi mbili ya mara moja haitoshi kumwambia mtu figo zimekufa, homa, UTI, hata kulima kutwa juani kunaweza kutoa protini kwa muda. Arudie. Aombe kama hospitali inaweza kupima uwiano wa albumini na kreatinini kwenye mkojo, chini ya 3 kwa kipimo cha miligramu kwa milimoli ni kawaida, zaidi ya 30 ni nyingi, na tatizo likidumu zaidi ya miezi mitatu ndo linaitwa ugonjwa sugu wa figo. Apimwe presha na sukari maana hao wawili ndo wanaoua figo nyingi kimyakimya. Apimwe homa ya ini B na C, zote zinaweza kuharibu figo. Na aseme ukweli kuhusu dawa za maumivu kama diklofenaki za dukani na miti shamba, asione aibu, mimi naulizaga swali hilo mara mbili kwa kila mgonjwa.

Kuhusu dawa yenyewe, wengi sasa wako kwenye kile kidonge kimoja chenye tenofovi, lamivudini na dolutegravi. Dolutegravi inapandisha kreatinini kidogo wiki za mwanzo bila figo kuumia, inazuia tu njia moja ambayo figo inaitolea hiyo kreatinini, kwahiyo kama kaka alihamishiwa kidonge hicho muulizeni ilipanda lini na kiasi gani. Tenofovi kweli kwa watu wachache inaumiza ule mrija wa kwanza baada ya chujio, na hapo kuna alama hamuhitaji maabara ya Marekani kuiona: angalieni kile kijiti cha mkojo, kama kinaonesha sukari wakati sukari ya damu iko sawa, huo mrija unavujisha, mwambieni daktari siku hiyo hiyo. Protini nyingi yenye povu na miguu kuvimba inaelekeza zaidi kwenye chujio, na kama chujio limeshambuliwa na VVU basi tiba yake kubwa ni hizo hizo ARV. Ndo maana nilikazia pale juu. Mtu anaacha dawa kuokoa figo, kirusi kinaamka, na figo ndo ya kwanza kulipa. Na kama ana homa ya ini B, tenofovi na lamivudini ndo zinazoishikilia, akiziacha ghafla ini linaweza kulipuka vibaya.

Mnaomfulia mko salama. VVU haviambukizwi kwa mkojo, wala kwa nguo, wala kwa choo. Mkojo ukiwa na damu vaeni glavu kama mnavyovaa kwa damu yoyote, na huyo mwenye damu kwenye mkojo apelekwe kupimwa kichocho na mengine.

Mwisho, mkija kuombwa mkojo kwa ajili ya utafiti wa hivi, na naamini watafika, msikatae kwa woga. Waulizeni kibali cha maadili cha taifa, kile kinachotolewa kupitia NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa, waulizeni sampuli itakaa wapi na kama inasafirishwa nje ina mkataba wa kuihamisha, na waulizeni kama majibu yatarudi kwenu au hayarudi. Tafiti nyingi za hatua hii hazirudishi jibu kwa mtu mmoja mmoja kwa sababu hakuna anayejua bado hilo jibu linamaanisha nini kwake, hilo lisiwaudhi, ila mna haki ya kuambiwa kabla ya kusaini. Na kaka akienda kutoa hiyo sampuli asubuhi, awe ameshameza dozi yake ya jana usiku kama kawaida.